Albamu ya Pili ya Zizi

Siku ya kwanza alipoleta gitaa la besi nyumbani na kulichomeka kwenye spika, mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akasikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo ni friji inakufa au ni wewe?"

Hakuwa anamtania. Kijana alikuwa anajifunza ufundi wa mafriji wakati ule, na sebule yao ilikuwa imejaa mizoga ya friji za watu: hii haigandishi, ile inavuja, nyingine inanguruma kutwa kama mzee aliyenyimwa chakula. Mlio wa besi na mlio wa kompresa, ile mota ya friji, iliyochoka vilikuwa mtu na ndugu yake. Kijana alicheka, lakini mama alikuwa amegusa penyewe. Alipenda sauti za chini, zile ambazo mtu huzisikia kifuani kabla hazijafika masikioni. Miaka ishirini baadaye alikuwa bado fundi friji siku za kazi, na Jumapili alikuwa mpiga besi ambaye wapenzi wa muziki mzito walimwita Nanga, kwa kuwa akishatia sauti yake chini, wenzake wapepesuke wapendavyo, hawapotei.

Muziki wenyewe si rahisi kumweleza mtu ambaye hajausikia. Ni metali, ule muziki wa magitaa mazito, lakini si ile ya kukimbia. Hii hutembea kama watu waliobeba jeneza wakipanda mlima. Gitaa hupigwa pigo moja, likaachwa livume mpaka msikilizaji aanze kujiuliza kama mpigaji amesinzia, ndipo lije pigo la pili. Juu yake huwekwa mwangwi, kinanda kinachozunguka zunguka kama ndoto ya mwenye homa, na sauti ya mtu anayeimba kana kwamba yuko chini ya kisima. Wapenzi wake hufumba macho na kutikisa vichwa taratibu, kama wazee waliokubaliana jambo zito. Wenyewe huuita metali ya kiama. Mke wa Nanga aliuita "ule muziki wenu wa kuvuta magogo", na hakuna aliyembishia.

Palikuwa na bendi tatu kubwa za muziki huo, na zote tatu zilikufa karibu wakati mmoja, kwa magomvi ya kawaida ya bendi. Katika mabaki yake wakaokotana watu wanne. Nanga na besi yake. Mwanamke aliyeitwa Kishindo, mpiga ngoma, mama wa watoto watatu, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate mwenye mikono kama ya mbeba magunia. Mpiga kinanda waliyemwita Babu, si kwa umri bali kwa upara uliomuanza angali shuleni. Na mwimbaji ambaye pia alipiga gitaa, mrefu, mwembamba, kichwa kidogo, jina lake Msumari. Kila mmoja alikuwa kigogo alikotoka. Watu wakasema, fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanne? Nao kwa ukaidi wakaiita bendi yao Zizi.

Albamu ya kwanza iliwaziba watu midomo. Mashabiki walisafiri kutoka miji ya mbali kuja kuwasikiliza, na santuri zilizochapishwa ziliisha kabla rangi ya jalada haijazoeleka machoni. Wale waliotabiri ugomvi wakahamishia uaguzi wao mbele: ya kwanza ni bahati, wakasema, tuwaone kwenye ya pili.

Ya pili ilichukua miaka sita hata kuanza, na kilichoichelewesha kilikuwa nyumbani.

Msumari alikuwa shemeji yake Nanga. Alikuwa amemuoa mdogo wake, binti aliyekuja siku moja mazoezini kumletea kaka yake funguo alizosahau, akakaa juu ya sanduku la spika mpaka mazoezi yakaisha, na safari ya kurudi hakurudi na kaka yake. Walipendana wazi wazi, bila haya. Wakapata mtoto wa kike. Wiki chache baada ya kujifungua, mama mtoto akaacha kulala. Alikaa kitako kitandani akitazama kitanda kidogo cha mtoto, na ukimuuliza alisema kitanda kile kinanong'ona jina lake. "Mzazi mpya huyo," mama yake alisema, "uchovu tu, atapoa."

Alasiri moja, mumewe na kaka yake wakiwa mazoezini wanamalizia albamu ya kwanza, alipiga simu kwa mumewe. Kisha akapiga kwa kaka yake. Simu zote mbili zilikuwa juu ya spika, na chumba kizima kilikuwa kinatetemeka, vikombe, madirisha, meno ya watu, nani angejua lipi ni simu na lipi ni muziki? Akambeba mtoto, akamlaza kibarazani juu ya shuka, akarudi ndani, akafunga mlango, akakitia moto kile kitanda. Jirani ndiye aliyevunja mlango na kumtoa.

Mtoto hakupata hata alama. Mama mtoto alilazwa miezi kadhaa, akapewa dawa, akapona, akarudi na akili zake zote na aibu isiyokuwa yake. Familia ikafunga mdomo. Majirani waliambiwa ni waya, na kwa kuwa mtoto wa nyumba ile ni fundi, nani angebisha? Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kwa akina Nanga hata kata zilikuwa zimeapishwa. Yeye mwenyewe aliikuta ile simu jioni ile ile alipoichukua juu ya spika. Hakuitaja kwa mtu, na mdogo wake hakumuuliza.

Ndoa ilijikokota miaka minne, ikaanguka bila kelele. Mtoto akawa kwa mama siku za shule, kwa baba mwisho wa wiki. Mama mtoto akapata kazi ya kufundisha chekechea, na watoto wakampenda mno, maana alikuwa na subira ya mtu aliyewahi kusubiri kitu kigumu. Nanga akabaki katikati, ndugu wa huku na rafiki wa kule, akipita baina yao kwa ncha za vidole.

Hivyo ndivyo walivyofika kwenye albamu ya pili. Walirekodi Jumapili asubuhi katika studio iliyowahi kuwa ghala la magodoro. Mengine yalikuwa bado yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na fundi mitambo, bwana mmoja mpole aliyeitwa Masikio, wakati mwingine alionekana ameegemea moja amefumba macho, usijue anasikiliza au amelala. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo nne. Upande wa pili wote ulikuwa wimbo mmoja.

Wimbo ule ulitoka kwa Nanga. Aliupata kwa muuza nyama mmoja aliyekuwa na chumba cha baridi chenye kompresa mbili mbovu. Nanga alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akizisikiliza, na akaona kwamba milio yao haikulingana sawasawa. Ilikaribiana, ikagongana, ikaachana, ikakaribiana tena, kama watu wawili wanaotaka kuzungumza na wanashindwa. Muuza nyama alimuuliza kama amezimia. Nanga akamwambia nyamaza kidogo, mzee wangu. Akaibeba ile sauti mpaka studio kama mtu aliyebeba maji viganjani, akaitia kwenye besi. Kishindo akaja juu yake kwa pigo moja moja, Babu akaizungushia kinanda, na Msumari akaweka gitaa lililolia kama bati linalopindwa na upepo. Waliupiga mara ya kwanza mpaka mwisho. Kishindo alikuwa analia, akasema ni jasho.

Ila maneno hayakuwapo. Msumari aliguna guna tu mahali pa kuimba. "Yatakuja," alisema. "Yako njiani."

Yalikuja Jumapili ambayo Nanga alichelewa kwa sababu ya friza ya zahanati. Aliingia mikono inanuka gesi, akakuta Msumari yuko ndani ya kibanda cha kuimbia, macho amefumba, wenzake wamekaa kimya. Masikio akampa vipokea sauti. Nanga akavivaa huku anatabasamu, maana alisikia besi yake kwanza, na ilikuwa tamu. Kisha sauti ikapanda kutoka kisimani:

*Nimekiwasha kitanda, kiache kulitaja jina langu.*
*Mwanangu nimemlaza nje, aote jua.*
*Moshi ni blanketi, njoo mume wangu, jifunike.*

Alivivua vipokea sauti, akaviweka mezani polepole, kama mtu anayetua sufuria ya moto. Akagonga kioo.

"Shemeji. Toka humo tuzungumze."

Msumari alitoka, uso umelowa. Alikuwa na furaha, maskini, furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Umeusikia?"

"Hayo ni mambo ya mdogo wangu."

"Ni mambo ya nyumba yangu," Msumari akasema. "Majivu yale nani aliyazoa? Kuta zile nani alizipaka rangi upya? Na mimi nilikuwamo, shemeji."

"Anafundisha watoto wa watu."

"Hakuna jina lake humo. Na nani anasikia maneno katika muziki huu? Mama yako mwenyewe mpaka leo anadhani ni friji."

"Yeye atasikia."

Msumari akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nikuambie kitu? Miaka sita silali. Nafumba macho, naona mlango umefungwa. Leo nimeimba yale, na nahisi nikienda nyumbani nitalala. Unataka nifanyeje?"

Nanga aliona kwamba jamaa hasemi uongo. Alikuwa amekonda mpaka saa inamzunguka mkononi.

Kishindo alikohoa. "Mimi nitasema, na mnichukie. Huu ni wimbo bora kuliko zote tulizowahi kupiga. Siku ile niliupiga bila kujua napiga nini. Leo nimejua, nywele zimenisimama. Ukiyatoa maneno haya unaukata kichwa."

"Na wewe, Babu?" Nanga akauliza.

"Mimi mtu wa kinanda tu," Babu akasema, akijishughulisha na waya. "Mambo ya mke na mume... mavi usiyoyala, wayawingiani kuku? Mimi hayanihusu."

"Bora ungenyamaza," Kishindo akamwambia.

Nanga alifungasha gitaa akaenda zake. Kilichomuuma hakikuwa hasira tu. Ingekuwa hasira peke yake, angelala. Kilichomuuma ni kwamba Kishindo alikuwa amesema kweli. Alikuwa ameisikia ile mistari mitatu juu ya besi yake, na kabla moyo haujaruka, sekunde moja tu, mwili wake ulikuwa umesisimka kwa raha.

Nyumbani, chakula kilipoandaliwa alimega tonge akalirudisha. Mkewe alimsubiri, akaona chakula kitapoa bure, akauliza. Nanga akamweleza yote.

"Na mwenyewe amesemaje?" mkewe akauliza.

"Msumari? Nimekuambia."

"Wifi yangu. Mwenye kitanda."

"Sijamwambia. Nitamwambia vipi jambo kama hilo?"

Mkewe akanawa mikono, ishara kwamba atasema la moyoni. "Ukoo wenu huu! Tangu nimeolewa naona mnamzunguka yule kama yai. Mnanong'ona akiingia, mnakaa kimya akikohoa. Nani humuuliza yai? Wewe na huyo Msumari mnagombania kitu cha mtu, na mwenye nacho yuko hapo mtaa wa pili anafundisha a-e-i-o-u. Nenda kamuulize."

Kesho yake alikwenda chekechea baada ya watoto kuondoka. Mdogo wake alikuwa anaosha brashi za rangi kwenye beseni. Nanga akakaa kwenye kiti cha darasani, magoti yakamfikia masikioni. Akazungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya bei ya gesi ya friji. Akasifu michoro ya ukutani, akasifu tembo mmoja ambaye ikaja kujulikana ni gari.

"Kaka," mdogo wake akasema, "umekuja kuvunja kiti cha watoto ili unieleze habari za mvua?"

Basi akamwambia. Hakumaliza vizuri, alipofika kwenye maneno alinyamaza. Mdogo wake aliendelea kuosha brashi ile ile, ingawa ilikuwa safi.

"Unao huo wimbo?"

"Upo kwenye gari, Masikio amenipa nakala. Lakini si lazima..."

"Twende."

Walikaa kwenye gari lake la kazi, ngazi juu, mitungi ya gesi nyuma, harufu ya mpira ulioungua. Akausikiliza wote, upande mzima. Wakati wa kuimba alisogeza kichwa karibu na spika, mkono juu ya goti hautingishiki. Ulipoisha akasema, "Rudisha pale anapoimba." Akasikiliza tena. Nje, wanafunzi wa shule ya jirani walipita wakisukumana na kucheka.

"Ni mzuri," alisema mwishowe.

Nanga hakuamini. "Mzuri?"

"Mzuri sana. Ndiyo maana nina hasira. Ungekuwa mbaya ningecheka." Akafungua dirisha. "Nipeleke kwake."

"Subiri kwanza nizungumze naye mimi..."

"Kaka. Nimesema nipeleke."

Walimkuta Msumari studio, yeye na Masikio tu, wanasikiliza ule ule. Masikio alipoona aliyeingia alizima mitambo, akavuta kiti. Mama mtoto hakukikalia.

"Hujambo, baba mtoto."

"Sijambo." Msumari alisimama, akakaa, akasimama tena. "Hujambo wewe."

"Umeimba 'nimekiwasha'. Ulikiwasha wewe?"

"Huo ni wimbo tu. Ni... ni mimi, nikijifanya wewe."

"Uliwezaje kuwa mimi na hukuwepo? Nilikupigia simu. Hukupokea. Nikampigia huyu." Hakugeuka kumtazama kaka yake. "Hakupokea. Sasa huo moshi, hilo blanketi, umeyatoa wapi?"

"Uliniambia mwenyewe. Hospitalini. Kwamba moshi ulikuwa kama blanketi."

"Nilikuambia wewe." Hapo ndipo sauti ilipotikisika. "Madaktari walikuwa wananiuliza kila siku, sikuwaambia. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue ilivyokuwa, nikakuchagua wewe, kwa sababu ulikuwa mume wangu. Sikukupa uimbe."

"Ukitaka kuimba siku ile, imba ya kwako. Imba ulikuwa unafanya nini simu ilipoita. Hiyo sikukatazi, hata ukinitaja kwa jina. Lakini hayo yangu, hapana. Sitaki."

Nanga akapiga hatua mbele. "Umesikia, shemeji, amesema..."

"Na wewe kaka," akamkata, "usinisemee tena bila kuniuliza. Miaka yote mnanisemea. Waya, waya. Mimi nikipita mtaani, watu wananipa pole ya waya."

Walirudi kwenye gari. Nanga alishika ufunguo asiuzungushe.

"Ile simu," akasema.

"Uliiona lini?"

"Jioni ile ile."

Mdogo wake aliangalia mbele, barabarani. "Ningekuwa nimekasirika ungesikia," alisema. "Nilikasirika zamani, nikachoka. Endesha, binti anatoka shule."

Msumari alijaribu. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walimsema vibaya. Jumapili mbili alijifungia kibandani akaimba habari za simu iliyotetemeka juu ya spika, habari za wanaume wawili waliokuwa wanajiona wakubwa. Yote kweli tupu, na yote mabaya. Sauti ilikwaruza, maneno yaligongana na muziki, akarudia, akalia, akarudia tena. Masikio akamwambia kwa upole, "Kaka yangu, unasikika kama mtu anayetoa maelezo kituo cha polisi." Ukweli wa mwenzake ulikuwa umekaa kooni mwake kama asali; wa kwake ulikataa kupita. Nanga alimwonea huruma, akaona aibu kwamba anamwonea huruma.

Mwisho wakaamua upande wa pili utoke bila sauti ya mtu. Kishindo alinuna wiki nzima. Albamu ikatoka, na mambo yakawa kichekesho: waandishi wa habari za muziki waliisifu kuliko ya kwanza. Mmoja aliandika kwamba Zizi wameonyesha ujasiri wa kunyamaza. Nanga aliyasoma hayo akiwa amekaa juu ya friza ya mteja, akakunja gazeti akalitia chini ya mguu wa friza uliokuwa unayumba.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi, saa kumi za alasiri, katika ukumbi wa zamani wa sinema. Watu walijaa hadi ngazini. Mdogo wake Nanga hakwenda. Alisema yeye na mwanawe, aliyebaki kwake wiki hiyo, wana nguo za kufua. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Ukaja ule wimbo. Nanga alifumba macho akazitoa zile kompresa mbili, zikikaribiana na kuachana, akasikia sakafu ya mbao ikimjibu miguuni. Walipofika pale palipokuwa pa kuimba, pale ambapo kwa mapatano Msumari alitakiwa kurudi nyuma na kuacha kinanda, Msumari alisogea mbele kwenye kipaza sauti.

*Nimekiwasha kitanda, kiache kulitaja jina langu.*

Nanga aliweka kiganja juu ya nyuzi zote nne.

Haikuwa kitu alichokifikiria. Besi ikakatika, na ukumbi mzima ukahisi kama ngazi imetolewa chini ya miguu yao. Kishindo aliendelea mapigo mawili, matatu, akamwangalia Nanga, akashusha vijiti. Kinanda kikafifia. Msumari akabaki peke yake na mstari wa pili, *mwanangu nimemlaza nje*, sauti kavu bila kisima chochote, na hapo naye akanyamaza. Walitazamana. Halafu ukumbi ukalipuka kwa makofi na vifijo. Walidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

"Sikupanga," Msumari alimwambia nyuma ya jukwaa. "Wallahi, shemeji, sikupanga. Nilifungua mdomo yakatoka."

Nanga alimwamini nusu. Nusu nyingine ikamfanya afunge sanduku la besi na kuondoka bila kumjibu, na huo ndio ukawa mwisho wa Zizi. Hakuna aliyetangaza kitu. Kishindo alipata bendi nyingine ya vijana wanaomwogopa. Babu akawa anapiga kinanda kwenye harusi, na alionekana kunenepa.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Simu zilikuwa zimeinuliwa ukumbini kama kawaida ya siku hizi, na ile mistari miwili ikasambaa. Mashabiki wakaanza kuulizana kitanda gani, mtoto nani. Akatokea mtu aliyewahi kuishi mtaa ule, akasema, ngoja, mimi nakumbuka nyumba moja iliyoungua. Ikaanza kutembea.

Mdogo wake Nanga alipoyasikia hakumpigia mtu yeyote simu. Asubuhi alivaa gauni lake la kazi, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, akamweleza yote kwa mdomo wake, tangu kunong'ona kwa kitanda hadi dawa anazomeza mpaka leo. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kusema. Kisha akamhamishia stoo ya vifaa, "kwa muda, mpaka maneno yatulie." Muda ule ulikuwa mihula miwili. Mihula miwili alihesabu chaki na kukunja mikeka huku akisikia watoto wake wakiimba upande wa pili wa ukuta na mwalimu mwingine. Wazazi wawili walikuja kumtetea. Mmoja alimhamisha mtoto wake. Wengine hawakusema kitu, wakawa wanamsalimu kwa haraka. Alipokonda, Nanga alitaka kwenda kwa mwalimu mkuu kugombana. Akakumbuka, akamuuliza kwanza. "Usiende," alisema. "Niletee matunda tu."

Muhula wa tatu walimrudisha darasani, bila maelezo, kama walivyomtoa. Siku hiyo mama yao alipika chakula cha watu kumi, wakala watano.

Nanga na Msumari hawakusemezana karibu mwaka mzima, ila kwa habari za mtoto: anakuja, amefika, amesahau viatu. Kisha Ijumaa moja simu ikaita.

"Shemeji," Msumari akasema. "Friji yangu imekufa. Binti anakuja kesho, na maziwa yake... Naweza kutafuta fundi mwingine. Nimekupigia tu."

Nanga alikaa na simu sikioni. "Usiifungue fungue mlango," akasema. "Nakuja."

Nyumba ya Msumari ilikuwa na chumba kimoja na jiko. Gitaa lilikuwa ukutani, kamba moja haipo. Picha ya binti, kikombe kimoja kwenye sinki. Nanga aliisogeza friji, akalala sakafuni, akafungua kifuniko cha nyuma. Msumari alimshikia tochi.

"Kompresa?"

"Rilei. Kidude kidogo tu, kinaungua. Ninacho kwenye gari."

Akakileta, akakifunga. Friji ikashtuka, ikakohoa, ikaanza kunguruma. Wote wawili wakaisikiliza, kwa mazoea ya miaka. Ilikuwa na mlio mzuri, wa chini, wenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

"Shemeji, nilitaka kukuambia," Msumari akaanza.

"Shika tochi vizuri," Nanga akasema. "Sijamaliza."

Msumari akaishika kwa mikono miwili. Nanga akarudisha skrubu moja baada ya nyingine, akachukua muda wake, kazi ya dakika chache akaifanya ndefu. Alipomaliza aliinuka, akapangusa magoti, akamwambia asiweke maziwa mpaka ipate baridi kwanza. Mlangoni Msumari alimpa maji ya kunywa, naye akayanywa yote akiwa amesimama.